Nimefiwa na mtu nisiyewahi kumwona

Najua kibaraza hiki kimekaa siku nyingi bila kufagiliwa, na wengine mmeshaanza kuulizana pembeni kama nimeolewa kimyakimya. Sijaolewa. Ni kazi tu, na baridi, na zamu za usiku zinazomfanya mtu asijue leo ni Jumatatu au Alhamisi.

Leo sina habari za theluji wala za bei ya unga wa sembe. Leo nataka kuwaambia kwamba nilifiwa. Ilikuwa Februari 2024, na sikuwasimulia wakati ule kwa sababu kila nilipotaka kueleza marehemu alikuwa nani kwangu, maneno yaligoma. Si ndugu, si jirani, si mfanyakazi mwenzangu, si mgonjwa wangu, na (mama mdogo tulia) si mchumba. Alikuwa mzee wa miaka 81 aliyekuwa akiishi visiwa vya Orkney, kule kaskazini kabisa mwa Scotland, na mimi nipo Leeds. Sikuwahi kumwona hata mara moja. Sauti yake sikuwahi kuisikia. Tulicheza sataranji kwa barua kwa miaka mitano na miezi mitatu, basi.

Najua mtauliza, sataranji kwa barua ndiyo nini? Ngojeni niwaeleze taratibu. Sataranji yenyewe mnaijua, wengine mnaiita chesi, ule mchezo wa mfalme na malkia kwenye ubao wa vyumba 64, vyeupe na vyeusi. Mimi nilifundishwa na mwenzangu wa bweni pale Muhimbili nilipokuwa nasomea digrii ya uuguzi, usiku umeme ukikatika na hakuna cha kusoma. Mchezo ulianzia India, ukapita Uajemi, Waarabu wakauita shatranj, na ndiyo maana na sisi watu wa pwani tuna jina lake tangu zamani.

Sasa kucheza kwa barua ni hivi. Mimi nina ubao wangu mezani, wewe una wako mezani kwako. Nasogeza kete moja, naandika kwenye kadi nimesogeza ipi, nabandika stempu, natia kwenye sanduku la posta. Kadi ikikufikia unasogeza kete yangu kwenye ubao wako, unafikiri, unasogeza yako, unanijibu. Mechi moja inaweza kumaliza mwaka. Msicheke, ni mchezo wenye heshima zake. Mwaka 1824 klabu ya Edinburgh na klabu ya London walianza kuchezana kwa barua, wakamaliza mwaka 1828, Edinburgh wakashinda, na namna moja ya kufungua mchezo mpaka leo inaitwa kwa jina la Waskoti kwa sababu ya mechi zile. Wachezaji wa barua wana shirikisho lao la kimataifa tangu 1951, na bingwa wao wa kwanza wa dunia alikuwa Mwaustralia, C.J.S. Purdy, mwaka 1953.

Kuna na saa yake, msidhani mtu anakaa na kadi mpaka apendavyo. Desturi ya zamani ni siku 30 kwa kila hatua 10, na siku ambazo kadi ipo njiani hazihesabiwi. Unaandika tarehe uliyopokea na tarehe uliyojibu. Unahesabu siku zako mwenyewe, na mwenzako anakuamini.

Mimi niliingia huko kwa sababu ya ratiba. Klabu za sataranji hapa hukutana jioni, na jioni mimi ama ndiyo naingia kazini ama nimelala kama gogo. Kucheza kwenye simu na mtu usiyemjua, dakika tano mechi imekwisha na katikati keshakutukana, nilichoka. Nikaandika kwa chama kimoja cha watu wanaocheza kwa posta, wakanipa jina la mzee mmoja na anwani. Novemba 2018 nikapata kadi yake ya kwanza. Upande mmoja picha ya ufukwe wenye mawe na bahari ya kijivu. Upande wa pili namba nne tu, 5254, na chini yake sentensi mbili kwa herufi ndogo zilizonyooka: "Tucheze bila mashine. Nikishindwa, nishindwe na wewe."

Zile namba ndiyo lugha yao. Kila safu ina namba yake kuanzia 1 hadi 8, kushoto kwenda kulia na chini kwenda juu, kwa hiyo 5254 maana yake ni kwamba kitunda, ile kete ndogo ya mbele, kilichokuwa safu ya tano chumba cha pili kimesogea hadi chumba cha nne. Waliiweka hivyo ili Mrusi na Muajentina wachezane bila kujua lugha ya mwenzake. Mzee alikuwa amecheza na watu wa nchi za mbali tangu ujana wake, kwa hiyo hata kwangu mimi niliye nchi moja naye hakuacha mazoea.

Na ile sentensi ya mashine ilikuwa na uzito kuliko nilivyoielewa siku ile. Kompyuta ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, mwaka 1997, na leo programu iliyomo kwenye simu yako ya kawaida inamshinda binadamu yeyote. Kwenye mashindano ya kimataifa ya barua wameruhusu kabisa watu watumie kompyuta. Sasa mzee yupo kisiwani, mimi nipo Leeds, nani angejua nimeuliza simu yangu? Hakuna. Nilikuwa na siku tatu za kuangalia ubao mmoja na mashine mfukoni inayojua jibu. Wala sikuitoa, na yeye najua hakuitoa, kwa sababu alikosea kama wanavyokosea watu. Ile mechi moja niliyomfunga, mwezi mzima kabla hatujamaliza alishaniandikia: "Hatua ya 23 nilikuwa naota. Hongera mapema."

Tulikuwa tunacheza mechi mbili kwa wakati mmoja, moja yeye anaanza, nyingine naanza mimi, zote kwenye kadi moja kubania stempu. Si mchezo jamani, stempu ya daraja la kwanza hapa ilivuka paundi moja mwaka 2023, tukahamia daraja la pili. Katika miaka yote hiyo tulimaliza mechi 9. Yeye alishinda 6, mimi 1, sare 2. Kadi zake ninazo zote, nimezihesabu, ni 203.

Sasa mtu anaweza kusema, kadi 203, basi mlishajuana sana. Hapana. Kwenye kila kadi alikuwa na mstari mmoja tu wa maneno, na mara nyingi ulikuwa wa hali ya hewa. "Upepo." "Upepo tena." "Leo jua limetoka saa tatu asubuhi likazama saa tisa na robo, halikuona cha kukalia." Orkney karibu hakuna miti, upepo unafagia tu, na Desemba mchana wake ni kama saa sita. Na mimi nilimjibu mstari mmoja. Hakuwahi kuniuliza nimekuja lini, nitarudi lini, nina watoto au sina. Aliuliza kitu kimoja, mji niliozaliwa. Nikamwambia Tanga. Kuanzia hapo kadi zikawa zinaanza na "Mpendwa Tanga," na mimi nikamwacha, maana hapa jina langu watu hulitafuna mpaka likabaki mifupa.

Lakini nilimjua. Hili ndilo lililokuwa linanishinda kuwaeleza. Mimi kazi yangu ni miili ya watu. Nikishika zamu ya saa kumi na mbili na nusu, najua mgonjwa wa kitanda cha nne amelala saa ngapi, amekojoa kiasi gani, kidonda chake kina harufu gani, na baada ya siku tatu anaruhusiwa, nisijue hata anapenda nini. Kwa mzee ilikuwa kinyume. Sijui alikuwa mrefu au mfupi. Lakini nilijua kwamba akibanwa haharakishi. Nilijua kwamba anapenda farasi kuliko kete zote na hatamtoa kafara ila amelazimika. Nilijua kwamba akiwa anashinda anakuwa mpole zaidi, anakuachia njia ya kujitetea uione mwenyewe. Na nilijua dalili za siku zake mbaya, hatua inakuja haraka, bila mstari wa upepo.

Mwaka 2020 corona ilipotufunika, mnakumbuka mlivyokuwa mnanipigia kila siku kuuliza kama nipo hai. Alhamisi saa mbili usiku watu walitoka milangoni kutupigia makofi wahudumu wa afya, na wengine wetu tulikuwa ndani tumevaa nailoni mwili mzima, hatuyasikii. Aprili ile ikanifikia kadi isiyokuwa na namba. Ilisema: "Tanga, saa yako nimeisimamisha. Usijibu mpaka uweze." Hayo tu. Likizo ipo kwenye sheria za mchezo, lakini mchezaji huiomba mwenyewe. Mimi sikuwa nimeomba. Nilikaa wiki saba bila kugusa ubao, na kila nikirudi asubuhi nauona pale mezani, hakuna aliyeninyang'anya nafasi yangu. Sijui niwaambieje. Wiki zile kila kitu kilikuwa kinanidai. Kile kimoja kilikuwa kinanisubiri.

Bao liliingia hivi. Mwaka 2021 kwenye mstari wangu mmoja nilimwandikia kwamba baba yangu anacheza mchezo unaoitwa bao, mashimo 32, kete 64. Akajibu: "64! Kama vyumba vyetu. Eleza." Nikaeleza kadi kwa kadi, kidogo kidogo. Kwamba ubao una mistari minne ya mashimo manane manane, kila mchezaji na mistari yake miwili. Kwamba kwenye bao la Kiswahili kila mtu ana kete 32, lakini anaanza na 10 ubaoni, sita zimo kwenye nyumba yake na mbili mbili kwenye mashimo mawili, na 22 anabaki nazo mkononi anaziingiza moja moja. Kwamba kete haifi ukaiweka pembeni kama kwenye sataranji, ukimla mwenzako kete zake zinahamia kwako na kuendelea kuzunguka. Hilo la mwisho lilimfurahisha mno. Akaandika: "Kwa hiyo hakuna maiti." Nikampigia baba kumwambia kuna mzee wa Kizungu anajifunza bao kwa barua. Baba akasema, bao bila maneno si bao, amtafute mtu wa kumtania.

Basi bwana, mwaka 2022 kukawa na mgomo wa wafanyakazi wa posta, kadi zikachelewa, tukavumilia. Mwaka 2023 mwandiko wake ukaanza kutetemeka. Mimi ni nesi, nikauona. Sikusema kitu na yeye hakusema kitu. Herufi zilikuwa zinapanda na kushuka lakini mchezo ulikuwa umenyooka vilevile.

Februari 2024 tulikuwa tumebakiwa na mechi moja, ya kumi. Nikapokea kadi yenye hatua yake, na chini yake ameandika masharti. Hii nayo ni desturi ya barua, ya kuokoa muda na stempu. Ukiona mwenzako huenda akacheza jambo fulani, unamwandikia kabisa: ukicheza hivi, mimi nitacheza vile. Kadi ilisema: "Kama 1814, basi 7263. Kama tena 1424, basi 4787. Upepo umetulia."

Siku mbili baadaye, kabla sijajibu, ikaja bahasha yenye mwandiko nisioujua. Alikuwa binti yake. Aliandika kwamba baba yake amefariki, nyumbani, usingizini, na kwamba amekuta kadi zangu kwenye kopo la biskuti na ubao umepangwa dirishani, akaona nina haki ya kuambiwa. Akaniuliza kama mimi ndiye Tanga. Halafu akaniuliza jambo jingine. Jikoni kwa baba yake amekuta trei za mayai zimekatwa na kubandikwa kwa gundi, vishimo vinne kwa vinane, na ndani yake maharage makavu. Ameyahesabu, ni 64. Hakuna mtu katika familia anayejua ni kitu gani, atupe au asitupe?

Mwe! Nilikaa kwenye ngazi na sare yangu ya kazi, nikalia kama mtoto. Mzee hakuwahi kuniambia kwamba ametengeneza.

Na mnajua tabu yangu ilikuwa nini? Msiba huu haukuwa na mkeka. Kwetu mtu akifa kuna mahali pa kwenda kukaa, kuna mtu wa kumwambia makiwa naye akakujibu tunayo, kuna chai ya rangi na watu wanaomzungumza marehemu mpaka mnaanza kucheka. Mimi nani aniambie makiwa? Kazini ukisema umefiwa wanauliza ni nani wako, na jibu ni mpinzani wangu. Mazishi yalikuwa yameshapita. Niliingia zamu jioni ile kama kawaida.

Asubuhi niliporudi nilikaa mezani na ile kadi yake ya mwisho. Nikaangalia ubao nikafikiri kweli, kama siku zote, kwa sababu kucheza ovyo kungekuwa kumdharau. Hatua nzuri kuliko zote kwangu ilikuwa kuleta ngome yangu chini, 1814. Alikuwa ameiona. Nikaisogeza. Na yeye akajibu, 7263, mfalme wake akapanda hatua moja. Nikafikiri tena, muda mrefu. Nikala kitunda chake, 1424. Naye akajibu, 4787, ngome yake ikala kitunda changu cha pembeni. Mkono uliosogeza kete zake ulikuwa wangu, lakini hatua zilikuwa zake, mimi hata moja sikumchagulia. Nilishakaa na wafu wengi kwa sababu ya kazi hii, huwafunga mikono na kuwafunika. Hakuna aliyewahi kunijibu.

Ndipo nikampigia baba. Nikamwambia yule mzee wa barua amekufa. Jamani, baba hakuuliza alikuwa nani wangu. Alinyamaza kidogo, akasema makiwa. Nikasema tunayo. Kisha akauliza: "Alikuwa anachezaje?"

Nikamwambia. Nikamweleza habari ya farasi, na ya kutoharakisha akibanwa, na ya kumwachia mwenzake njia. Nikamweleza habari ya saa aliyoisimamisha na ya trei za mayai. Tulikaa kwenye simu saa nzima na dakika, mimi na baba, hatukutaja ada ya mtu wala bati la nyumba. Baba akacheka kwa lile la maharage, akasema kunde zingefaa zaidi, maharage makubwa mno kwa mkono wa mzee. Basi ule ndio ukawa mkeka wangu.

Binti nilimjibu. Nilimwandikia kurasa nne za sheria za bao, nikamwambia asitupe. Nikamwambia pia kwamba sikujua sura ya baba yake ila nilijua fikra zake zilivyokuwa zinatembea, na zilikuwa zinatembea kwa adabu. Amenitumia picha. Ni mfupi kuliko nilivyodhani.

Nimewaandikia haya kwa sababu wengi wenu huwa mnaniuliza kama huku ugenini nina watu. Mnauliza kwa huruma, mkidhani mtu wako ni yule anayekujua habari zako zote. Mimi huyu hakujua hata nina ndugu wangapi. Alichonipa ni kwamba zamu yangu ilipofika alingoja, na yake ilipofika alijibu, mara 203, mpaka ile ya mwisho ambayo alijibu kabla sijacheza. Kuna ndugu wa damu hawajafikisha idadi hiyo.

Ubao niliuondoa baada ya wiki mbili, meza ni moja na mimi lazima nile. Lakini kwanza nilinakili kete zote zilivyokaa kwenye daftari langu la mechi. Mstari wa chini nimeandika vile tulivyokuwa tunaandika siku zote: amepokea, amejibu, zamu ya Tanga.

Haya, kwa leo tuishie hapo, nina zamu ya usiku na sijalala. Nisalimieni bibi, mwambieni dawa ya presha anywe kila siku, si siku anayojisikia. Na yeyote atakayepita pale barazani kwa baba akae acheze naye, amtanie, asimwache acheze peke yake.

Wenu, nipo.